Sheria Isiyopita Mkutanoni

Mkulima wa Tingi anapotozwa faini kwa kosa asilolijua, sisi twauliza kwanza: sheria hiyo ilipita wapi?

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imeweka njia. Halmashauri ya kijiji hupendekeza sheria ndogo; mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mtu mzima, huijadili; halmashauri ya wilaya, ambayo kwa Tingi ni Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, huiidhinisha. Hatua moja ikirukwa, kinachobaki ni amri tu.

Watetezi wa amri hudai kwamba mikutano hupoteza muda, na kwamba msitu na samaki wa ziwani havingoji. Hoja hiyo haina mashiko. Anayeujua msitu na majira ya samaki ni mwananchi yule yule aliyenyimwa nafasi ya kusema. Mtu hulinda alichokiridhia. Alichoshurutishwa hukivunja mara mgambo anapogeuka.

Hata Bunge lilichelewa: Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama kwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, miaka 60 baada ya uhuru. Je, ni uadilifu kumwadhibu mtu kwa maneno asiyoyafahamu?

Tunasema bayana: sheria isomwe, ijadiliwe, ibandikwe. Anayedai faini aonyeshe kifungu na atoe stakabadhi. Asiyeweza hasimamii sheria, anadhulumu.