Mfuko wa simu na jina la fundi

Tunapenda sana neno ubunifu. Kijana akitengeneza programu ya simu tunamwandikia makala, tunamwalika kwenye kongamano, tunampigia makofi. Lakini kibarua wa ujenzi akimpelekea fundi cherehani suruali ya kazi na kumwambia, "Fundi, nitolee mfuko ambao simu haichomoki," hakuna anayeita huo ubunifu. Hiyo eti ni kurekebisha nguo tu. Halafu tunambana fundi apunguze buku.

Hapo tunakosea, na sisi watu wa vitabu tunakosea zaidi.

Hebu tuitazame suruali yenyewe. Ovaroli na kadeti nyingi za kazini, ziwe mpya au za mitumba, zina mifuko mipana ya kuingiza mkono, futi na misumari. Simu nyingi za siku hizi zina urefu wa karibu sentimita 16. Ukiiweka mfuko wa mbele, ukichuchumaa inakuchoma nyonga au inachungulia nje. Ukiiweka nyuma, unaikalia. Mfuko mpana wa pajani unaonekana kuwa jibu, ila humo simu inalala ubavu, inagongana na koleo, na ukipanda ngazi inapigapiga goti.

Fundi anayejua kazi habandiki kiraka tu. Kwanza anakuuliza unafanya kazi gani, maana mpaka rangi anayepanda ngazi si sawa na dereva wa bodaboda anayekaa siku nzima. Kisha anakwambia uchuchumae, anapiga chaki juu ya goti, mbele kidogo ya mshono wa pembeni, pale ambapo nguo haikunjiki. Mfuko mpana hauhitaji hata kitambaa kipya: mshono mmoja wa wima unaugawa, upande mmoja unaishika simu, mwingine unabaki wa vifaa. Kina kinaizidi simu kwa vidole viwili hivi. Chini panashonwa mara mbili, na pembe za juu zinakaziwa uzi kwa sababu ndizo zinazochanika kwanza. Kifuniko kinashuka vya kutosha na kufungwa kwa kifungo. Ule utepe wa kugandana hujaa vumbi la saruji mpaka ukaacha kugandana. Zipu ni imara, lakini meno yake hukwaruza kioo kama hayakukingwa kwa kitambaa. Kila uamuzi una sababu yake. Kama huo si uhariri, basi mtuambie uhariri ni nini.

Wapo wasimamizi watakaosema simu haina kazi saiti, inaleta ajali. Ni kweli, mtu aliye juu ya ngazi hapaswi kuongea na simu. Lakini tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi. Ujira unaingia humo, hela ya daftari za mtoto inatoka humo. Kumwambia kibarua aiache kwenye begi, kwenye kona ya saiti, ni kumwambia aache mshahara wake pale. Tena mfuko wenye kifuniko na kifungo unamzuia mtu kuchomoa simu ovyo akiwa juu. Mwajiri anayejali usalama kweli angenunua ovaroli zenye mfuko huo, au angemlipa fundi aziweke. Badala yake gharama inamwangukia kibarua, na simu ikidondoka kwenye zege hasara ni yake peke yake.

Kisa hiki kina ndugu yake mkubwa. Miaka ya 1870, huko Reno, Nevada, mke wa kibarua mmoja alimwomba fundi cherehani Jacob Davis ashone suruali isiyochanika. Davis akatia vipini vya shaba kwenye pembe za mifuko. Wateja wakaongezeka, lakini hela ya kusajili hataza ikawa shida, akamwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia vitambaa. Hataza ikatoka tarehe 20 Mei 1873. Leo jina lililoandikwa kwenye jinzi ni la muuza vitambaa. La fundi unalikuta kwa kulitafuta, na la yule mama aliyeeleza tatizo halitajwi kabisa.

Wasomaji wa fasihi tunakasirika mwandishi akinyimwa jina kwenye jalada. Mbona hapa tumenyamaza? Kiswahili chenyewe kinatusuta: fundi, kufundisha na mwanafunzi ni maneno ya mzizi mmoja. Lugha ilishamweka fundi upande wa wenye maarifa. Sisi ndio tumemshusha hadi barazani, tukambakizia kupunguza pindo.

Hata hadithi zetu zinaonyesha hivyo. Mhusika "akatoa simu mfukoni", basi, kama vile mifuko yote ni ya watu wa ofisini. Mwandishi anayejua simu hiyo imeshikwa na nini, kifungo gani kinafunguliwa kwanza kwa vidole vyenye saruji, ataandika sentensi bora zaidi, kwa sababu atakuwa amemwona mtu.

Kwa hiyo madai yangu ni madogo. Mwajiri, lipia mfuko. Mteja, acha kumkatia fundi buku. Na wewe mwandishi, nenda ukakae kwenye baraza la fundi asubuhi nzima, umuulize anafanyaje na kwa nini. Ukiandika, taja jina lake.