Watoto wetu wafadhiliwe kusomea afya ya akili

Na Mwalimu, Inde

Kila tunapozungumzia ufadhili wa masomo hapa West Nile, tunamfikiria mhandisi, mwanasheria au daktari wa upasuaji. Mtaalamu wa afya ya akili hatumtaji kabisa. Nadhani umefika wakati wa kumtaja, tena kwa sauti.

Ndugu msomaji, historia yetu unaijua. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, maelfu ya watu wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa humo humo. Mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa UNRF II ulitiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Sisi tulioanza shule ng'ambo ya mpaka tulirudi na vyeti vya lugha nyingine, tukapewa majembe na mbegu. Hakuna aliyetuuliza tunalalaje usiku.

Leo sisi ndio wenyeji wa wakimbizi. Bidi Bidi, iliyofunguliwa mwaka 2016, peke yake ina zaidi ya watu 200,000, mbali na Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Mashirika yalileta washauri, na kazi yao ilionekana. Lakini mradi una tarehe ya kuisha. Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, miradi mingi ilifungwa na watumishi wakafungasha virago. Mgonjwa akabaki na simulizi aliyoifikisha nusu.

Tatizo la pili ni lugha. Mzee wa Kilugbara au mama wa Kikakwa hawezi kuja kusema ana sonona. Atasema kifua kinamwaka, au kwamba marehemu hawampi usingizi. Mkalimani atafasiri maneno, lakini maana itabaki njiani. Hapo Rhino Camp, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini. Waliofundishwa kukabili msongo wa mawazo kwa mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba walipata nafuu kuliko wenzao ambao hawakuyapata. Waliwaelewa wasemaji, basi wakasikiliza.

Wapo watakaosema kijana akishasoma hatarudi. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake inajulikana. Marekani ina mpango wa kuwadhamini wanafunzi wa jamii za Wahindi Wekundu wanaosomea afya, saikolojia ikiwemo. Anayepokea fedha hizo hufunga mkataba wa kuwahudumia watu wake kwa muda usiopungua miaka miwili. Anayevunja mkataba hudaiwa. Sisi tunashindwa nini kuandika mkataba kama huo?

Serikali ya Uganda hudhamini wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, na sehemu ya nafasi hizo hugawanywa kwa wilaya. Hizo ni za shahada ya kwanza. Makerere hufundisha shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba na ya udaktari wa magonjwa ya akili, lakini mwalimu au muuguzi wa Koboko atalipaje karo hiyo kwa mshahara wake? Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inataka huduma hii ifike hadi vituo vya afya vya chini. Sheria bila mtu wa kuitekeleza ni karatasi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, halmashauri za Arua, Koboko, Yumbe na Madi-Okollo zichangie mfuko mmoja wa kudhamini wanafunzi wachache wa uzamili kila mwaka. Pili, mwombaji apimwe kwa lugha anazozungumza na jamii anayoijua, si kwa jina la ukoo, ili mkimbizi aliyekulia hapa naye apate nafasi. Tatu, Chuo Kikuu cha Muni, kilichofunguliwa mwaka 2013 na ambacho tayari kinafundisha wauguzi, kiwatumie wahitimu hao kufundisha wengine nyumbani.

Nanyi wafanyabiashara mnaovuka Vurra na Oraba, msidhani jambo hili haliwahusu. Mnalipa ushuru kila siku ya soko. Mnawajua wenzenu waliopoteza mali katika vita vya Sudan Kusini wakaishia kwenye waragi, wake zao wakibaki na madeni. Mnayo haki ya kuwauliza madiwani wenu kwa nini hakuna hata shilingi moja ya ushuru huo inayomsomesha mtu wa kuwatibu.

Bajeti za wilaya hujadiliwa kabla ya Julai. Tuwaulize mapema, kabla vitabu havijafungwa.