Kutoka Kilimanjaro Hadi Kigoma, Kwa Nini Kupitia Pwani?

Mwalimu wa Rombo aliyepangiwa kazi Kigoma, akiletewa habari za msiba wa nyumbani kwao Mkuu, jambo la kwanza linalomsumbua ni kama atawahi mazishi. Mchagga huzikwa kihambani, miongoni mwa migomba, na watoto wake hutazamiwa wawepo. Maziko hayawezi kuahirishwa siku nyingi ati kwa sababu safari ya ndege imezunguka.

Na kwa hakika inazunguka. Umbali wa angani kati ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro na kile cha Kigoma ni kilomita 840 hivi. Ndege ya pangaboi iendayo wastani wa kilomita 500 kwa saa ingeumaliza kwa saa moja na dakika 40. Lakini abiria asiyepata ndege ya moja kwa moja hupelekwa kwanza Dar es Salaam, karibu kilomita 1,080, kisha hurudishwa kaskazini kilomita 450 nyingine. Hizo ni saa tatu za kuruka, mbali na kungoja. Akikuta ndege ya pili imekwisha ondoka, hana budi kulala mjini.

Wako watakaosema kwamba hayo ndiyo maumbile ya nchi kubwa. Sivyo. Mtwara nayo iko kilomita 840 hivi kutoka Kilimanjaro, lakini kupitia Dar es Salaam kunamwongezea abiria wake kilomita kumi tu, maana mji huo uko karibu kabisa na mstari wa safari yake. Yeye hupoteza muda wa kungoja. Wa Kigoma hupoteza muda huo, na karibu kilomita 700 juu yake.

Mtindo huu una mizizi mirefu. Reli ya Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Reli ya Kati ikafika Kigoma mwaka 1914. Wajerumani walizielekeza zote mbili bandarini, kila moja kwa njia yake, na kuunganisha Moshi na Kigoma hakukuwa haja yao. Inasikitisha kuona anga, ambalo halihitaji mataruma wala madaraja, likifuata desturi hiyo hiyo.

Mashirika ya ndege yana hoja kwamba abiria wa Kilimanjaro na Kigoma peke yao hawatoshi kujaza ndege. Hilo halina ubishi. Hata hivyo iko njia ya Mwanza. Kilimanjaro hadi Mwanza ni kilomita 470 hivi, na Mwanza hadi Kigoma 450. Ongezeko ni kilomita 80 tu juu ya mstari ulionyooka, na wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa wangeshika viti vilivyosalia. Safari mbili kwa wiki zastahili kujaribiwa, kwa ratiba isiyobadilishwa ovyo.

Tena safari haikomi kiwanjani. Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kiko uwandani kati ya Moshi na Arusha, na Mkuu iko upande wa mashariki wa mlima. Zipo karibu kilomita 100 za barabara, kupitia Moshi na Himo. Ndege ikitua usiku, mabasi ya Rombo yamekwisha pumzika, na mfiwa hukodi gari kwa bei yoyote atakayotajiwa. Ndege hiyo ya Mwanza basi na ipangwe kutua kabla ya saa nane mchana, ili abiria afike Mkuu kungali na jua.