Hodi Hewani Haitoshi

Mila zetu zamtaka mgeni apige hodi mlangoni, asubiri kuitikiwa, na akikosa jibu baada ya hodi ya tatu ajiondokee. Sisi tunaochunguza lugha twajua kwamba mazungumzo yote ya binadamu yana kanuni ya aina hiyo: mmoja husema, mwingine hungoja zamu. Hakuna bunge lililoitunga, lakini anayeivunja hujulikana mara moja.

Nayawaza haya kila nipitapo Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mji ule ambao jina lake kwa Kikuyu ni maji moto umejaa sauti zisizosikika kwa sikio. Kando ya waifai za maduka na mikahawa ya madereva wa malori, wako wanaocheza na redio kwa mapenzi tu: huyu ana droni, yule ana kipimo cha mvua kinachotuma habari zake hewani, mwingine ameunganisha nyumba mbili kwa antena ya kujitengenezea. Aghalabu hutumia masafa yasiyodai leseni, hasa yale ya megahezi 433 na ya 2,400.

Wengi hudhani kwamba kutodaiwa leseni ni kupewa haki. Sivyo. Aliyemo humo hawezi kumshtaki jirani aliyemziba sauti. Masafa ya 2,400 yalitengwa mwaka 1947 kwa mitambo ya viwanda, sayansi na tiba. Jiko la maikrowevu lina haki humo kuliko waifai! Isitoshe, nafasi yenyewe ni finyu. Chaneli 13 zilizoandikwa kwenye vyombo hupandana, hata ikawa ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, ziwezazo kutumika pamoja bila kugongana. Anayeteua ya 3 akidhani amejitenga huwaudhi wa 1 na wa 6 kwa mpigo.

Waama, vyombo vya waifai hupiga hodi: husikiliza kwanza, na vikisikia mwingine anasema, hungoja. Lakini vifaa vingi vya bei nafuu vya masafa ya 433 hubwata tu bila kusikiliza. Norman Abramson wa Chuo Kikuu cha Hawaii alionyesha mwaka 1970 kwamba wasemaji wasiosikilizana wakishiriki chaneli moja, sehemu ya muda inayofaulu kupitisha ujumbe haizidi asilimia 18 hivi. Kwa sababu hiyo, Ulaya imeweka mipaka katika masafa ya 868. Mahali pengi chombo hakiruhusiwi kusema zaidi ya asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa.

Hata hivyo, kwa nchi yenye sura ya Mai Mahiu, hodi peke yake haifui dafu. Mtu wa mjini na mwenzake wa upande wa Suswa, antena zao zikiwa chini, huenda wasisikiane kamwe. Kila mmoja atapiga hodi, ataona kimya, na atasema. Aliye juu ukingoni, karibu na Kimende, ndiye atakayewasikia wote wawili kwa pamoja, asielewe hata mmoja. Naye akijibu kwa nguvu, anafunika bonde zima.

Huu si mchezo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliporomoka kutoka upande wa Kijabe yakawaua makumi ya watu katika kijiji cha Kamuchiri na jirani zake. Tuseme kesho kijana atatega kipimo cha maji katika korongo mojawapo, kitume neno moja dogo mto ukifura. Neno hilo litapita masafa yale yale ambamo jirani anatangaza joto la banda lake la kuku kila sekunde tano. Joto la banda, nijuavyo mimi nisiye fundi, halibadiliki kwa sekunde tano.

Wapenzi wa redio wa Mai Mahiu, Kijabe na Kimende wakutane basi, waandike katika daftari moja nani anatumia chaneli gani na mara ngapi kwa saa, na waache kipande kimoja cha 433 kwa vipimo vya maji pekee. Walio ukingoni ndio watangulie kupunguza nguvu na kuelekeza antena zao kwa wanayemkusudia, kwa kuwa wao ndio wanaosikika na wote.