NCHI ILIYOENDELEA NI IPI? TUSIPIME KWA GHOROFA



Shukrani zote anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, dada yangu, kuna swali vijana wananiletea sana: "Sheikh, mbona nchi za Waislamu ziko nyuma?" Kabla sijajibu, mwingine anadakia: "Nani kakwambia? Hujaiona Dubai?" Anatuma picha ya ghorofa, na mjadala unaishia hapo. Wote wawili wameruka swali la kwanza: kuendelea ni nini, na kunapimwa kwa kitu gani? Kitambaa hakipimwi kwa kilo.

Kipimo kilichozoeleka ni pesa. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Kiwango cha kuingia kilikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, nasi tulikuwa na dola 1,080. Watu wakauliza: "Mbona mimi mfukoni sijaiona?" Swali zuri, na jibu lake liko kwenye neno moja: wastani. Chukua safu moja msikitini, watu kumi. Mmoja ana milioni kumi, tisa hawana kitu. Ukigawa, kila mtu ana milioni moja. Hesabu ni sahihi, na wale tisa wanalala na njaa.

Jambo hili lilimkera Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan, aliyewahi pia kuwa waziri wa fedha wa nchi yake. Mwaka 1990, akifanya kazi na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, yeye na wenzake, akiwemo Amartya Sen wa India, walitoa kipimo kingine: kipimo cha maendeleo ya watu. Kinauliza mambo matatu:

1. Mtoto anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi miaka mingapi?
2. Watu wanapata miaka mingapi ya masomo?
3. Kipato chao kinawawezesha kununua nini?

Majibu yanaunganishwa, inapatikana namba kati ya 0 na 1. Pesa imo, lakini ni theluthi tu.

Sasa tazama orodha. Imarati, Qatar na Saudia wamo katika kundi la juu kabisa. Niger, Chad, Mali na Somalia wako chini kabisa. Hawa wote ni Waislamu na kibla chao ni kimoja! Na huko chini wapo pia Sudan Kusini na Afrika ya Kati, ambako Wakristo ndio wengi. Kwa hiyo anayesema Uislamu ndio unaowarudisha watu nyuma, orodha inamkanusha. Na anayedhani kuitwa Waislamu peke yake kunatosha, orodha inamkanusha vilevile.

Basi tofauti inatoka wapi? Utasema: mafuta. Subiri kidogo.

Guinea ya Ikweta ina mafuta mengi na watu wachache. Kwa hesabu ya pesa imekuwa miongoni mwa nchi za juu Afrika. Ukiuliza umri na elimu ya watu wake, inaporomoka nafasi nyingi. Mafuta yapo, ila hayakumfikia mtoto wa kijijini.

Sasa njoo Oman, nchi ambayo wengi wetu huku pwani tuna ndugu zetu. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Mwaka 1970, alipotawala Sultan Qaboos, nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali, zote za wavulana, na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi. Mafuta yalikuwapo, maendeleo hayakuwapo. Kilichobadilika ni pesa ile ilielekezwa wapi: shule hadi vijijini, wasichana wakaingia darasani, zahanati, chanjo, maji. Mwaka 2010, ripoti ya Umoja wa Mataifa ilipolinganisha nchi 135 kwa miaka arobaini, iliyopiga hatua kubwa kuliko zote ilikuwa Oman.

Na zingatia hili: waliosaidia kuanza kazi ile ni pamoja na Waomani walioitwa kurudi kutoka Zanzibar na Afrika Mashariki. Walikwenda kuwa walimu, madaktari na watumishi wa serikali. Walikuwa na kitu ambacho pesa haikuweza kukinunua kwa siku moja, nacho ni elimu waliyoipata huku kwetu.

Utaniambia: "Sheikh, sisi hatuna mafuta ya Oman." Katika orodha ileile ya 2010, nafasi ya tatu ilishikwa na Nepal. Nchi ya milima, masikini, haina mafuta, na imepita katika vita. Iliendelea kwa kupeleka elimu na afya kwa watu wake.

Sababu nyingine ni amani. Yemen na Somalia zilivunjwa na vita. Nabii Ibrahim (a.s) alipouombea mji wa Makka alitanguliza amani, kisha ndipo akawaombea watu wake matunda. Penye mabomu hakuna shule, na mkulima havuni.

Wapo watakaosema: "Haya ni mambo ya kidunia, Muislamu anapimwa kwa taqwa." Ni kweli, hakuna namba inayopima ikhlasi ya mtu. Kipimo hiki hakijui swala yako wala dhulma yako. Lakini ndugu yangu, kuhifadhi uhai, akili na mali ni katika makusudio ya sheria yetu, na maswali yale matatu yanagusa hayo hayo: uhai, elimu, riziki. Inasimuliwa kuwa Umar bin Khattab (r.a) aliogopa kuulizwa na Allah kuhusu mnyama atakayejikwaa huko Iraq kwa kuwa hakumtengenezea njia. Kama ni hivyo kwa mnyama, vipi kwa mama anayefia njiani akipelekwa kujifungua?

Na hapa naja kwetu, maana serikali tumeisema vya kutosha. Sisi kwenye misikiti yetu tunapima kwa nini? Tunapima kwa mnara, marumaru na zulia. Mchango wa kupaka rangi unajaa kwa wiki moja. Ustadhi wa madrasa anamaliza miezi miwili hajalipwa, na binti aliyefaulu kidato cha nne anaambiwa imetosha. Hiyo ni Guinea ya Ikweta ndogo ndani ya mtaa wetu! Wazee wetu hawakuelewa waqfu hivyo. Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo katika karne ya 13 kwa mali ya waqfu, wakitibiwa matajiri na mafukara.

Basi nakuomba jambo moja. Kikao kijacho cha kamati ya msikiti wenu, kabla ya kupitisha bajeti ya marumaru, simama kwa adabu uulize: Katika waumini wetu, nani anakosa matibabu? Watoto wangapi hawasomi? Ni familia ngapi ambazo zaka yetu imezitoa kwenye kupokea ikaziweka kwenye kutoa? Andikeni majibu, na mwakani mpime tena. Atakayekasirika, mvumilieni. Nyumba ya Allah haipungukiwi kwa kuchelewa marumaru, lakini mtoto aliyekosa shule miaka saba, miaka hiyo hairudi.

Allah atujaalie tuwe wenye kufaana, na azilinde nchi zetu kwa amani. Amin.

Mfikishie na mwenzako, hasa aliyemo kwenye kamati.

Wabillahi tawfiq.