Fagia kabla ya kurudisha ufunguo

KANDO YA ZIWA
Na Editha Mashauri

Mwishoni mwa mwezi mmoja nilimsindikiza binti wa dada yangu kuhamia chumba alichopanga Mkolani, hapa Mwanza. Binti anasoma chuo, na chumba kile alikilipia kodi ya miezi sita kwa mkupuo, juu yake akamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja. Guta likafika na kitanda, godoro, ndoo na begi la vitabu. Tulipofungua mlango, harufu ilitupokea kabla hatujavuka kizingiti.

Jikoni, ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi wa mkaa mpaka darini. Sinki ilikuwa imeziba kwa magamba ya samaki na mafuta yaliyoganda. Nyavu za dirisha hazikupitisha hewa, kwa maana wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi walikuwa wamekaukia pale tabaka juu ya tabaka. Nyuma ya mlango palikuwa na godoro kuukuu limekunjwa. Tulipolisogeza, kunguni wakatawanyika ukutani.

Mama mwenye nyumba, aliyejenga vyumba vile vinne kwa miaka mingi ya kuuza dagaa, alisimama barazani akashindwa kututazama usoni. "Mwanangu, ufunguo aliniletea usiku," aliniambia. "Akasema ameacha kila kitu salama." Hakuwa na la kuongeza. Akajifunga kanga kiunoni, akashika brashi, tukasugua pamoja mpaka jua likazama. Binti alilala kwangu siku nne akisubiri dawa ya kunguni ifanye kazi. Kodi yake ya siku hizo nne ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jambo hili, na leo naliandika wazi: kusafisha nyumba unayohama ni deni, sawasawa na bili ya maji. Ukiondoka bila kulilipa, halifutiki. Linalipwa na mtu usiyemjua, kwa siku yake ya kazi, kwa usingizi wake na kwa fedha ya dawa aliyokuwa ameipangia unga.

Wapangaji wengi nitakaowaambia haya watanijibu kwamba nyumba ina mwenyewe, naye anakula kodi, basi asafishe yeye. Nalielewa jibu hilo. Mpangaji wa Mwanza amebanwa: analipa miezi mitatu, sita au mwaka mzima kabla hajalala hata usiku mmoja, na mara nyingine anapewa notisi kwa mdomo tu. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji hana kinga kubwa zaidi ya mkataba wake, akiwa nao. Mtu aliyetendewa hivyo anaweza kuondoka na kinyongo. Lakini kinyongo kile hakimfikii mwenye nyumba peke yake. Kinamwangukia mpangaji mwenzake, mwanafunzi, muuguzi, fundi au mama mwenye mtoto mchanga, ambaye naye amebanwa vilevile.

Chukua kunguni peke yake. Mdudu huyu hujificha kwenye nyufa za ukuta, kwenye fremu za milango na kwenye mishono ya magodoro, na anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunywa damu. Chumba kinaweza kukaa kitupu msimu mzima, mpangaji mpya akaingia na shuka safi, na kunguni wakamsubiri. Anayejua chumba chake kina kunguni akahama kimyakimya anamrithisha mwenzake mateso, na yeye mwenyewe anayabeba kwenye kitanda chake mpaka nyumba mpya. Kusema kweli siku ya kurudisha ufunguo, na kupuliza dawa kabla ya kuondoka, ni msaada kwa nyumba mbili kwa mara moja.

Hapa Mwanza deni hili lina upande mwingine ambao miji ya tambarare haiujui vizuri. Jiji letu limejengwa juu ya miamba na vilima. Kinachoachwa Mabatini au Isamilo hakibaki pale. Mvua ikinyesha kinateremka korongoni, kinaingia Mto Mirongo unaokata katikati ya jiji, na Mirongo unamwaga Ziwa Victoria. Ziwa lile ndilo tunalolinywa. Maji yanayotoka bombani yanavutwa humohumo na kusafishwa kwenye mitambo kama ule wa Capripoint. Siku ya kuhama ndiyo siku ambayo nyumba moja hutoa taka nyingi kuliko mwezi mzima: kapeti lililooza, godoro, betri za redio, wembe, chupa za dawa ya panya, nguo zisizovalika. Kirikuu cha kuhamisha vyombo hakina nafasi, gari la taka halipiti mpaka Jumatatu, na usiku korongo liko karibu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Agosti 2015 ulifika mpaka Mwanza, na tulioushuhudia hatupaswi kuhitaji kukumbushwa uchafu wa korongo unaishia wapi.

Choo nacho kina habari yake. Kwenye vilima ambavyo gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda, kama Igogo, Kilimahewa na Mabatini, mamlaka yetu ya maji, Mwauwasa, imepitisha mabomba membamba ya majitaka yanayounganisha nyumba na nyumba. Mfumo huo umeokoa watu na vyoo vya kufurika. Lakini tambara moja la kudekia, likitupwa chooni na mtu anayeharakisha kuondoka, linaziba bomba linalotumiwa na majirani kadhaa. Mwenye kosa yuko Buhongwa anapanga makochi yake mapya, na jirani aliyemwacha Igogo anaamka na kinyesi mlangoni.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida na maafa ambayo hakuyasababisha. Maneno hayo yanasema mambo mawili, na pande zote mbili zinapaswa kuyasikia. Mpangaji anarudisha alichokikuta: kama sinki ilikuwa ikipitisha maji, airudishe ikipitisha maji. Mwenye nyumba hadai kisicho haki yake: rangi iliyofifia kwa miaka minne ya jua na sakafu iliyosagika kwa kutembelewa ni uchakavu wa kawaida, na gharama yake iko ndani ya kodi aliyokwisha kuipokea.

Ugomvi huzaliwa kwa sababu hakuna aliyeandika nyumba ilikuwaje siku ya kwanza. Vyumba vingi vya kawaida hapa kwetu havitozi amana, kwa hiyo mpangaji haachi chochote cha kumrudisha nyuma. Na pale amana inapotozwa, mara nyingi inaishia kwenye maneno: mmoja anasema kioo alikikuta kimepasuka, mwingine anasema kilikuwa kizima. Wenzetu walilipata tatizo hilohilo wakalitafutia njia. Uingereza na Wales, tangu Aprili 2007, amana ya mpangaji wa kawaida lazima iwekwe chini ya mpango maalumu wa kuilinda, na pande zikibishana kuna msuluhishi anayeangalia ushahidi. Ujerumani, mikataba mingi ina neno moja la kueleza nyumba inavyotakiwa kurudishwa, na maana yake ni safi ya ufagio. Sweden, ndugu zetu waliohamia huko watakwambia kwamba siku ya usafi wa kuhama haina mzaha: nyumba hukaguliwa mpaka ndani ya oveni na nyuma ya friji.

Hatuhitaji kuagiza utaratibu kutoka Ulaya ili tufanye hivyo. Karatasi moja ya daftari inatosha. Siku ya kuingia, mpangaji na mwenye nyumba wapite pamoja chumba kwa chumba, waandike vitasa, vioo, bomba, swichi, nyavu na hali ya kuta, wapige picha kwa simu, watie sahihi, na ikiwezekana balozi wa nyumba kumi awe shahidi. Siku ya kutoka wapite tena na karatasi ileile, mchana, wakati jua linaonyesha kila kitu. Ufunguo unaorudishwa usiku una jambo unalificha.

Na kazi yenyewe ina mpangilio wake. Toa vyombo vyote kwanza, kwa maana huwezi kusafisha nyumba iliyojaa. Anzia juu ushuke chini: buibui na masizi ya darini, kisha kuta, kisha madirisha na nyavu zake, sakafu iwe ya mwisho. Masizi ya mkaa yafagiliwe makavu kabla ya maji, la sivyo yanageuka wino. Mafuta ya samaki yanataka maji ya moto na sabuni, na magamba yatolewe kwa mkono, yasisukumwe bombani. Choo kisuguliwe siku ya mwisho kabisa. Taka zigawanywe: kinachofaa apewe jirani, chuma na plastiki wapewe wanaookota vyuma chakavu na chupa, na kinachobaki kisubiri gari la taka, hata kama itakubidi umwachie jirani shilingi chache akusimamie. Mwisho, angalia kama kuna deni la maji na ulimalize, na mwenye nyumba aone mita ya luku ikoje.

Mwanza iliwahi kushika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya usafi wa majiji kwa miaka kadhaa mfululizo, na sifa ile tuliipenda. Ilijengwa na wafagiaji wanaoamka saa kumi alfajiri kufagia barabara zetu, wengi wao kina mama. Ni aibu barabara iwe safi na chumba nyuma yake kiwe jalala. Mwaka 2015, tarehe 9 Desemba, Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru na nchi nzima ikashika mafagio, na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi sote tunaujua. Kodi nyingi nazo huisha mwisho wa mwezi. Jumamosi ile ile ambayo jiji linatoka kufagia mitaro, maelfu ya watu wanafunga vyombo. Nawaomba wenyeviti wa mitaa waunganishe mambo hayo mawili: gari la taka lipite Jumamosi hiyo, na anayehama ajue mahali pa kuweka godoro lake.

Wahenga walituonya kwa neno kali, usinyee kambi. Msafiri anayechafua kambi anaweza kurudi kulala palepale. Katika jiji la wapangaji hatuhitaji hata kurudi: kila chumba tunachoingia ni kambi ya aliyetutangulia, na kila tunachotoka ni kambi ya anayetufuata.

Mama yule wa Mkolani, tulipomaliza kazi, alitupa sahani ya dagaa na ugali, akasema, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma. Kisha akamwambia binti, "Siku ukiondoka, mwanangu, naomba uniletee ufunguo mchana."

Binti alimwahidi. Nawe msomaji, kama mwezi huu unahama, mwahidi mwenye nyumba wako hivyo hivyo, kisha utimize.