Ati Ukizaa Litaisha!

Nilikuwa kidato cha tatu nilipoanguka darasani, tumbo likinikata kama wembe. Matroni alinipa vidonge viwili na maneno mawili matatu: "Chango hilo. Ukizaa litaisha." Shangazi naye akasema hivyo hivyo. Muuza mitishamba sokoni, hivyo hivyo. Yaani ningoje mume ndipo nipone? Jamani!

Nilingoja. Nikiwa na miaka 23 utrasaundi ikaonyesha uvimbe wa damu kwenye ovari ya kushoto. Daktari akalitaja jina la ugonjwa: endometriosisi. Utando kama ule wa ndani ya kizazi huota nje yake, ukaleta maumivu na makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa humpata karibu mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa. Kuzaa si dawa yake. Tena unaweza kumnyima mtu huyo huyo mtoto anayeambiwa amngoje!

Sikatai, tumbo la hedhi lipo. Kizazi hujikaza kusukuma damu, na kwa wengi maumivu hutulia baada ya siku mbili tatu. Lakini yakizidi mwaka hadi mwaka, yakianza ukubwani, yakija hata nje ya siku zako, au damu ikimwagika zaidi ya wiki, usidanganyike. Pengine ni faibroidi, uvimbe wa kizazi unaotupata sana sisi wanawake weusi. Pengine ni kisonono au klamidia isiyotibiwa, imepanda hadi kwenye mirija.

Nasi waandishi je? Hadithi zetu zimejaa mabinti wanaozimia kwa mapenzi. Anayezimia kwa tumbo la mwezi, mimi sijakutana naye. Tunaona haya. Haya hiyo hiyo ndiyo iliyonilaza sakafuni miaka yote ile.

Dada, andika tarehe, andika siku ngapi, andika pedi ngapi, uende nazo hospitali. Ukiambiwa "utazoea", tafuta daktari mwingine. Nawe kaka unayecheka hapo, una dada nyumbani.

Riwaya yangu inaanzia kwenye chumba cha mtihani: msichana kajikunja, kalamu imemwanguka. Rafiki yangu mmoja, mwandishi, kanishauri sura hiyo niitoe, eti inatia kinyaa.

Siitoi!